Zabibu ya Mbegu Moja

Gomisubani, Guria
19 Novemba 1961

Mdogo wangu Domenti,

Usishtuke kuona bahasha nene, hakuna aliyekufa. Waliobaki huku kijijini ni watu sugu, hata mauti yanatupita njiani bila kutusalimu.

Jana nimemvuna Mtirala, mzabibu wetu. Nimeukwea mwenyewe ule mti wa murkani anaoutambaa, mimi dada yako wa miaka sitini na mitatu, na Silovan jirani akawa anapokea kapu chini. Mke wake alisimama uani kwao akanipigia kelele: "Minadora, shuka! Unatafuta mchumba huko juu?" Nikamjibu, "Natafuta, maana wa chini wote nimeshawaona!" Kapu lilishuka na kamba mara kumi na moja, na kila liliposhuka niliimba kama alivyoimba babu. Sauti ilinikatikia katikati, Silovan akaimalizia.

Sasa nisikilize, utani nimeuweka kando. Mtirala wa kina Kalandadze amekufa kiangazi hiki, mizizi imeliwa na chawa wa mizizi. Wa kanisani alikatwa zamani. Alikuja mtaalamu wa mizabibu, mwenye miwani na mkoba, akalitafuta jina katika kitabu chake, hakulipata. Akaniambia, "Mama, mzabibu huu haupo." Nikammiminia divai yake nikamwambia, "Basi usinywe kisichokuwepo." Alikunywa bilauri tatu. Lakini alipoondoka nilikaa chini ya mti nikalia. Amebaki mmoja tu duniani, Domenti, naye yuko nje ya ua wetu, na mwenyekiti wa shamba la ushirika anataka kupanda chai mpaka kijitoni.

Hujaiona nyumba tangu ihamishwe. Ule mwaka kilima kilipoporomoka, wanaume arobaini waliinyanyua na nguzo zake wakaibeba kutoka kijitoni mpaka mlimani, upande wa juu wa ule murkani, sufuria zikiwa ukutani na mama akiwa ndani, amekataa kushuka. Alikuwa akiwaamrisha kutoka dirishani, "Taratibu, mtamwaga maharage!" Zamani tulimwangalia Mtirala kutoka bondeni, sasa namwangalia kutoka mlimani. Mama aliipenda roshani ya huku juu mpaka siku yake ya mwisho.

Nilipokuwa nakamua nilikutafutia zabibu ya mbegu mbili. Unaikumbuka sheria ya babu: zabibu za Mtirala zina mbegu moja, na mtoto atakayepata yenye mbili amesamehewa kosa moja, bila maneno. Wewe ulipovunja jagi la harusi la mama ulimletea zabibu ya mbegu mbili kiganjani. Mimi nilikuona ukiichomeka mbegu ya pili, umeiiba kwenye zabibu za kwa Silovan. Nilinyamaza. Basi mwaka huu nimetafuta sana, sikupata. Hujasamehewa kitu.

Wewe ni msimamizi wa vitalu vya mizabibu huko. Niambie la kufanya.

Dada yako,
Minadora


Karibu na Chimkent, Kazakhstan
14 Januari 1962

Dada yangu Minadora,

Nimeisoma barua yako mara nne, mara ya mwisho kwa sauti ili Emma aisikie. Mke wangu hajui neno la Kigeorgia ila alicheka mahali pa kucheka.

Nimezungumza na mkubwa wangu. Amenipa mstari mmoja pembeni mwa vitalu, kando ya mfereji, nipande ninachotaka. Huku hakuna chawa wa mizizi, pingili inasimama kwa mizizi yake yenyewe. Kuna baridi kali, kwa hiyo kila mwezi wa kumi na moja tunailaza mizabibu chini na kuizika kwa udongo, na Aprili tunaifukua. Babu angetuona angesema tumerukwa na akili. Lakini inaishi, dada. Nipe pingili ishirini za Mtirala, nami nitamfufua.

Zikatwe mwezi wa pili kabla utomvu haujapanda, kila moja iwe na macho manne. Zifunge kwa ukoka mbichi, halafu kitambaa, halafu karatasi yenye nta.

Najua utanicheka, ila nitaandika hata hivyo, maana wakati wa baridi, bila majani, hata mtu mzima hukosea. Juu ya murkani wako wawili, na wamesokotana. Usinitumie Bwana Harusi! Babu alimwita hivyo kwa sababu hazai kitu, ananukia tu, lakini bila vumbi la maua yake Mtirala naye hazai. Huku sina haja naye, mizabibu yenye vumbi imejaa. Basi, simama roshani, mgongo uelekee mlango. Shina lililo mkono wako wa kushoto ndilo Mtirala. La kulia ni Bwana Harusi. Nimefumba macho hapa mezani na ninayaona yote mawili kama yalivyokuwa asubuhi niliyoondoka kwenda vitani.

Usiniulize tena mbona siji. Waliponiruhusu kurudi kutoka kifungoni, mama alikuwa ameshazikwa, na kifua changu hakiwezi tena siku sita za treni. Nitumie pingili. Hizo ndizo zitakuwa kuja kwangu.

Domenti


Gomisubani
20 Februari 1962

Domenti,

Eti nisimame roshani, mgongo uelekee mlango! Msomi wetu. Kesho utanifundisha na kijiko kinashikwa upande gani.

Haya, zimekatwa kama ulivyoagiza, ishirini, macho manne manne, na kifurushi kipo mikononi mwa posta. Nimezikata kwa mkono wangu mwenyewe. Murkani ulikuwa na barafu kidogo lakini mimi na mti huo tunajuana. Usishangae mwandiko umepinda, naandikia mapajani, na wino nao umeingiwa na baridi.

Mwezi ujao Mtirala ataanza kulia pale alipokatwa. Jina lenyewe ndilo hilo, mwenye kulia. Mama alikuwa akichukua yale machozi akituoshea macho, unakumbuka? Mwaka huu nitamwambia alie taratibu, watoto wake wamesafiri.

Usiwaache wakae na kiu, hata siku moja.

Minadora


Karibu na Chimkent
12 Julai 1962

Dada mpendwa,

Kumi na nane! Mbili zilioza, kumi na nane zimeshika na zinakua kwa fujo.

Kiangazi cha huku hujapata kukiona. Saa nne asubuhi ardhi inaunguza nyayo, kwa hiyo naamka alfajiri. Ninafungulia maji ya mfereji kabla wenzangu hawajafika, nayaacha yatembee polepole mpaka shina la kumi na nane. Nimewasimikia miti, kila mmoja nimembakizia chipukizi moja lenye nguvu, mengine nayatoa kwa kidole gumba. Mwezi wa sita nilinyunyiza dawa ya mrututu, mikono yangu ni ya buluu mpaka leo, Emma haniruhusu kukata mkate. Sasa napuliza unga wa kiberiti kwa sababu ya ukungu. Jioni nakaa kwenye ndoo nikiwaangalia. Mkubwa wangu alipita akaniuliza, "Trapaidze, unawasomea hadithi?" Nikamwambia, wanajua hadithi nyingi kuliko mimi.

Nilitaka kukutumia jani, lakini huku majani hukauka upesi na posta ingelivunjavunja.

Mwaka wa tatu watatoa maua. Subira, dada.

Domenti


Gomisubani
3 Agosti 1963

Mdogo wangu,

Imefika siku niliyokuwa naikimbia. Tingatinga limelala kwenye mteremko wa kina Kalandadze na mwezi ujao linakuja kwetu. Mwenyekiti amekuja mwenyewe, si mtu mbaya, mama yake na mama yetu walibatizwa siku moja. Amevua kofia akasema, "Shangazi Minadora, matuta ya chai yanapita pale penye murkani. Ukisema hapana, nitayapindisha mwaka huu, halafu mwaka ujao wataniondoa mimi na kuuondoa mti. Ukisema sawa, nitakuachia kuni." Nikamwambia nitampa jibu mwisho wa mwezi.

Wanawake wanasema niketi chini ya mti, tuone nani atathubutu kuniondoa. Nimeshachagua na kigoda.

Lakini nimefikiri hivi, Domenti. Mti huu umezeeka, na mimi si mtu wa kuuacha peke yake. Kama Mtirala yupo kwako salama, basi kinachokatwa hapa ni nguo zake tu. Kama hayupo, nitakaa kwenye kigoda changu wanizike pamoja naye. Kwa hiyo sitaki maneno mengi. Tazama majani yake. Mtirala ana jani la mviringo, kama kiganja cha mtoto mchanga, lina manyoya meupe chini. Nitumie jani moja, hata likifika vipande nitaviunga. Au nijibu neno moja. Ni yeye?

Minadora


TELEGRAMU
Chimkent, 19 Agosti 1963

NI YEYE. WOTE KUMI NA NANE WAZIMA. USIKETI CHINI YA MTI. WAACHIE. DOMENTI


Gomisubani
9 Septemba 1963

Domenti,

Nilisema sawa, na wameukata.

Walikuja watatu na msumeno. Niliwapa mchadi, mkate wetu wa mahindi, wa moto, na jibini kwanza, kwa sababu mtu mwenye njaa hukata vibaya. Murkani ulianguka upande wa kijitoni, mahali nyumba yetu ya zamani iliposimama, na Mtirala akaenda nao akiwa na mashada yake yote, mabichi, magumu kama kokoto. Tuliyachuma mimi na mke wa Silovan, tukayakamua, ni maji ya uchachu ya kupikia mpaka Pasaka. Baadaye tingatinga lilishuka likachimba mpaka kimo cha mtu. Pale pote sasa ni udongo mwekundu.

Silovan aliniuliza, "Tukate pingili nyingine chache za akiba?" Nikamwambia, "Za nini? Na majani yote haya, zitashika wapi? Ziko kumi na nane kwa Domenti, zinalala kitandani kama mabinti wa mfalme."

Nilikwenda kulishika lile shina lilipokatwa. Kavu. Mzabibu hulia mwezi wa tatu, ukikatwa Septemba hauna machozi. Mimi pia sikulia, nilikuwa na telegramu yako ndani ya gauni.

Hesabu kwangu ni moja sasa. Mtirala ana nyumba moja duniani, nayo ni kwako.

Minadora


Karibu na Chimkent
2 Juni 1964

Dada mpendwa,

Kwa haraka tu. Vishada vya maua vimetokea kwenye mashina yote kumi na nane, vidogo, vimekunja ngumi. Siku mbili tatu vitafunguka. Mwaka huu nimefukua mapema, nikakesha na moto wa nyasi usiku mmoja wa baridi ya ghafla, hakuna hata jicho lililoungua.

Nina furaha na nina hofu. Nitakuandikia wakifunguka.

Domenti


Karibu na Chimkent
15 Juni 1964

Silovan ndugu yangu,

Nakuandikia wewe na si dada. Tafadhali isome mahali asipokuona.

Maua yamefunguka. Nililala kifudifudi na kioo cha kukuzia. Vumbi limejaa, na katikati ya ua, pale ambapo zabibu inapaswa kuanza, hakuna kitu. Nikatazama la pili, la tatu. Nikatambaa mstari mzima. Silovan, ni Bwana Harusi, mara kumi na nane. Shamba zima linanukia vizuri mno na hapatapatikana hata zabibu moja.

Nina jambo jingine la kukiri. Kiangazi cha kwanza niliona majani yana meno marefu kuliko ninavyokumbuka. Nikajiambia ni jua la huku. Nilichuma moja nimtumie Minadora, nikafika nalo mpaka posta, nikalirudisha mfukoni, kwa sababu nilijua akiliona atanijibu. Niliogopa jibu. Halafu aliponiuliza ni yeye, nikaona kile kigoda chini ya mti. Mimi najua watu wanaokaa mbele ya tingatinga hupelekwa wapi, nimeishi huko. Nilitaka awe hai. Nikaandika ni yeye.

Niambie ukweli. Ni nani aliyekata zile pingili? Dada hawezi kukosea. Na je, umebaki hata mzizi mmoja ardhini?

Domenti


Gomisubani
20 Julai 1964

Domenti,

Barua yako nimeisomea chooni, mahali pekee ambapo mke wangu hanifuati. Mimi si mwandishi, nitasema kama ilivyokuwa.

Nilikata mimi. Dada yako alianguka kwenye barafu Januari ile, nyonga ikavunjika, alilala wiki kumi. Alinikataza kukwambia. Alisema, "Akijua atajilaumu kwa kutokuja, na mwenye kujilaumu hapandi vizuri." Mpaka leo anatembea na fimbo na akikuandikia anaiegemeza mlangoni, kana kwamba utaiona.

Alinipa barua yako. Nikasimama roshani, mgongo ukaelekea mlango, kama ulivyoandika. Yale mashina bila majani kwangu ni mamoja, mzabibu wangu ulikufa zamani. Nikamuuliza kupitia dirishani, "Minadora, kushoto?" Akaniambia kutoka kitandani, "Kushoto, kama alivyoandika msomi." Nikakata kushoto.

Barua yako ilipofika nilikwenda tena nikasimama pale pale. Nilikaa nikifikiri mpaka nikaketi. Domenti, wewe ulipoondoka nyumba ilikuwa chini kijitoni, inautazama murkani kutoka bondeni. Sisi tuliibeba mpaka juu, mimi nilikuwa kwenye nguzo ya tatu, na tukaigeuza ili iutazame mti ule ule kutoka upande wa pili. Kushoto kwako ni kulia kwetu. Nyumba nzima ilizunguka na hakuna aliyeizungusha barua.

Mzizi. Nilikwenda na sururu katikati ya michai, nikawaambia natafuta minyoo ya kuvulia samaki. Nilipata kipande kimoja urefu wa kidole. Nimekiweka kwenye maji wiki tatu. Kimeoza. Hakuna kingine, nisikudanganye.

Sitamwambia. Mwambie wewe au usimwambie, ila fanya haraka, hali yake siyo ile unayoisoma kwenye barua zake.

Silovan


Gomisubani
11 Agosti 1964

Domenti,

Mbona kimya? Wakifunguka nitakuandikia, ulisema. Huku michai imeshashika, inapendeza, ukipenda sare. Mimi sina ninachokikagua asubuhi. Nilizoea kiangazi kuwa na kazi: nipunguze majani shada lipate hewa, nifukuze nyigu, nitazame mawingu ya mvua ya mawe na kuyatukana. Sasa yakija nayaangalia tu, yaje yapige chai.

Pasaka nilimwaga bilauri ya mwisho ya divai yake kwenye kaburi la mama. Mtungi wa divai tuliouchimbia ardhini umebaki mtupu, nimeufunika na jiwe.

Sikuombi mengi. Nitumie shada moja. Nataka nimwonje mara moja tu nikijua hajafa. Halafu nitakuwa mtulivu, sitakusumbua tena.

Mguu unanisumbua kidogo, ni hali ya hewa.

Minadora


Karibu na Chimkent
20 Septemba 1964

Dada yangu mpendwa,

Samahani kwa kimya, kazi zilikuwa nyingi. Furahi! Kuna askari wa kwetu Guria amemaliza utumishi wake, anarudi nyumbani, amekubali kukuletea kapu. Nimeyapanga mashada kwenye vumbi la mbao, moja moja, yatafika mazima.

Yameiva mapema kwa sababu ya jua la huku. Huenda na ladha imebadilika kidogo, udongo ni mwingine. Lakini ni yeye, dada. Kula, ukumbuke nyumbani. Mmiminie na mama.

Mdogo wako anayekupenda,
Domenti


Gomisubani
8 Oktoba 1964

Domenti,

Kapu limefika. Yule askari hakudokoa hata moja, au amedokoa kwa adabu.

Nimekaa roshani nikala. Ni tamu. Ni tamu mno, mdogo wangu, Mtirala hakuwa mtamu hivi hata alipongojewa mpaka theluji. Ya kwanza nikatema mbegu kiganjani, tatu. Nikasema, bahati hiyo. Ya pili, mbili. Nikala shada zima, naziweka mbegu ukingoni mwa roshani kwa mstari. Hakuna hata moja iliyokuwa na mbegu moja.

Usimlaumu Silovan, hajasema neno. Ila nilimuuliza, "Mbona unachimba minyoo kwenye chai na huvui samaki?" akatazama viatu vyake. Basi nikasimama na fimbo yangu, ndiyo, nina fimbo, nyonga ilivunjika na nilikudanganya. Nikaelekeza mgongo kwenye mlango. Nikanyoosha mkono wa kushoto. Halafu nikakumbuka nilivyomjibu Silovan kutoka kitandani, kushoto, kwa haraka, ili nikucheke. Wewe ulikuwa mbali miaka ishirini na mmoja, una haki ya kusahau nyumba iko upande gani. Mimi nilikuwa nimelala ndani yake.

Nimelia siku mbili, Domenti, nikamzidi Mtirala. Nilimwambia sawa yule mwenyekiti. Wakataji nikawapa na mchadi.

Siku ya tatu nikaikumbuka sheria. Kuna jambo sikukwambia. Siku ile ya jagi mama naye alijua mbegu ya pili ni ya kuiba. Aliniambia kabla hajafa. Alisema mtoto anayehangaika mpaka kwa jirani kutafuta mbegu ameshalijua kosa lake, unamtafutia fimbo ya nini? Nawe sasa umenitafutia kapu zima la kuazima. Nimehesabu mpaka nikachoka. Umesamehewa telegramu. Umesamehewa jani ambalo hukunitumia. Umesamehewa na kuyakosa mazishi ya mama, hilo nilikuwa nalo rohoni muda mrefu kuliko yote. Zilizobaki nimejichukulia mimi.

Usilete nyingine. Wale mabwana harusi usiwang'oe, hawana kosa, wape maji kiangazi. Kwenye kaburi la mama nimemwaga maji ya kisimani, nikamwambia ndiyo yaliyobaki.

Mbegu nimezikung'utia kwenye michai.

Dada yako,
Minadora